Majonzi Katika Mashati Mia Nne

Shati la tatu lilipowaka jekundu nilikifunika kisomeo, kifaa changu cha kukagua uzi, kwa kiganja, kama unavyomziba mtoto mdomo katikati ya ibada.

"Haya kashona nani?" niliuliza, ingawa nilijua. Karakana yetu ilishona kizamani, mtu mmoja shati zima, na kila furushi lilifungwa utepe wa rangi ya mshonaji. Utepe ulikuwa wa njano.

Nkwimba hakuinua kichwa. Cherehani yake ilikuwa inakimbia, na mshono wake ulikuwa umenyooka kuliko wa yeyote mle ndani. Ndiyo shida yenyewe. Ukiutazama kwa macho huoni kosa. Uzi ndio ulioona.

"Ni yangu, Mama Sayi," alisema. "Unajua ni yangu."

"Jana umelala saa ngapi?"

"Sikulala."

"Na juzi?"

Mama Gindu, mkubwa wetu kwa umri, alikuwa dirishani anakata matundu ya vifungo. Aligonga meza kwa mkasi. "Wewe nawe! Mtu kazika mdogo wake siku tisa zilizopita, unamuuliza kalala saa ngapi. Muulize basi na chai kanywa na nini."

"Uzi umeshamuuliza," nikasema. "Mimi nasoma jibu tu."

Sikuwa nafanya ukatili, nilikuwa nafanya kazi. Kila shati lililotoka Bariadi mwaka ule lilikuwa na uzi-shahidi ndani ya mshono: uzi wa pamba wenye utando mwembamba wa chachu hai, unaonyonya jasho la kidole cha anayeshona. Mwenye njaa jasho lake lina ladha yake. Asiyelala ana yake, mwenye hofu ana yake. Uzi unaonja yote mpaka shati lipigwe mvuke. Mvuke unaua chachu, na kilichoonjwa hakifutiki tena. Baada ya hapo mnunuzi anagusisha simu kwenye kola na kusikia sentensi chache: aliyeshona kapumzika au hakupumzika, kala au hakula, yuko pale kwa hiari au kwa kulazimishwa.

Ndiyo maana shati lilikuwa bei ya sahani ya wali na maharage. Pamba ilichanua shambani ikiwa na rangi yake ya samawati, kwa hiyo hapakuwa na mto uliomwagiwa maji ya rangi. Shati likimbana mtoto lilirudi kwetu, likachambuliwa, likawa pamba tena. Na hakukuwa na mkaguzi wa kulipwa posho, wala gari la mkaguzi, wala ripoti ya kurasa mia ambayo hakuna anayeisoma. Uzi ulifanya yote hayo bure. Nilisomea nguo chuoni miaka mitatu, na sijaona kitu kilichofikiriwa vizuri kama kile. Nasema hivyo hata baada ya yote.

Ila uzi haukujua msiba. Kwake, mwanamke aliyekosa usingizi kwa kumlilia mdogo wake na mwanamke aliyefungiwa kiwandani siku tatu bila kulala walikuwa mtu mmoja.

Tulikuwa na furushi jekundu moja tayari, la Aprili, Mama Gindu alipougua malaria akakataa kubaki kitandani. Furushi la pili ndani ya mwaka mmoja maana yake muhuri unaondolewa kwa miezi sita. Bila muhuri hatushoni sare za shule, na tusiposhona sare za shule hatushoni kitu. Tulikuwa kumi na wawili, mimi na wale kumi na mmoja. Mashati mia nne ya wilaya yalikuwa yanasubiriwa, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu.

"Nkwimba," nikasema, "nenda nyumbani. Utakaa siku kumi na nne. Mshahara wako uko palepale."

Hapo alisimamisha cherehani.

"Nyumbani kuna kitanda cha mdogo wangu," alisema. "Kiko mbele ya changu. Unataka nikakitazame siku kumi na nne?"

Alishika kitambaa kilichokuwa chini ya sindano.

"Hapa nikishika kitambaa najua cha kufanya. Kule sijui. Mama Sayi, usinirudishe."

"Sikurudishi mimi. Kinakurudisha hiki." Niliinua kiganja. Kisomeo kilikuwa bado kinawaka.

Ng'washi, mwenye mdomo kuliko wote, akacheka bila furaha. "Yaani tumetengenezewa kitu cha kututetea, na chenyewe ndicho kinatufukuza kazini. Kitutetee basi na mlangoni, kitushike mkono tunapotoka."

Mama Gindu ndiye aliyelileta wazo. Aliweka mkasi chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mwanamke akifiwa wakati wa palizi," alisema, "shamba lake linapaliliwaje?"

"Kila mmoja anachukua mstari," Ng'washi akajibu.

"Na yeye?"

"Na yeye anachukua mmoja. Asijione mgonjwa."

Mama Gindu alinigeukia. "Shati lina mishono mikubwa mingapi, wewe msomi?"

Nilihesabu kwa vidole: mabega, ubavu, kola, kifuko, mikono, mapindo. Nikarudia kuhesabu kwa sababu jibu lilinitisha kwa jinsi lilivyokaa vizuri.

"Kumi na moja," nikasema.

Sitaki mtu aseme baadaye kwamba walinizidi nguvu. Nilijua kisomeo kinafanyaje kazi. Kinapita shati zima, kinachanganya mishono yote, kinatoa rangi moja. Mshono mmoja mwekundu kati ya kumi na moja hauonekani. Nilijua hivyo, nikasema sawa.

*

Ilikwenda vizuri mno. Mashati matatu mekundu yalikuwa hayajapigwa mvuke, tukayafumua. Kisha kila shati likapita kwa wote kumi na mmoja, na ili asiwepo wa kulalamika kwamba kapewa kola kila siku, tukazunguka. Leo Nkwimba anashona bega la kushoto, kesho kifuko, keshokutwa pindo. Nilichora ratiba ukutani kwa chaki. Mistari ilikuwa imenyooka kama ya shamba la maonyesho.

Mashati mia ya kwanza yalipata muhuri wa kijani na kwenda kwenye shule za mjini. Nkwimba alishona, akala na sisi mchana, na siku ya kumi na tano tangu mazishi alimcheka Ng'washi alipokalia bobini. Nilijiambia hii ndiyo haki. Kuna sheria na kuna watu, na tumepata njia ya kuwatosheleza wote wawili.

Binti yangu Sayi alikuwa darasa la saba. Alipopata shati lake jipya alifanya wanachofanya watoto wote, alilivaa hapohapo na kugusisha simu yangu kwenye kola.

"Walionishona wamepumzika," shati likasema kwa ile sauti yake ya mtangazaji. "Wamekula. Wapo kwa hiari yao."

"Walio," Sayi akasema. "La mwaka jana lilisema aliye. Mama, lina watu wangapi?"

"Wengi. Tumebadilisha utaratibu."

"Na mama mdogo Nkwimba yumo?"

"Yumo."

Aligusisha tena. Shati likarudia maneno yaleyale. Sayi alikuwa nami msibani, alimwona Nkwimba amekaa chini kwenye mkeka, hajui hata kama kashikwa mkono.

"Kwa hiyo naye amepumzika?"

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunachelewa dukani kununua madaftari."

Alivaa. Lakini njia nzima alikuwa anaishika kola ile kwa vidole viwili, kama inamwasha.

*

Mgeni alikuja saa nne asubuhi, siku kumi kabla shule hazijafunguliwa. Alikuwa mwanaume mnene kiasi, shati limepigwa pasi vizuri, mkononi kabeba mfuko wa kitambaa. Alijitambulisha kwa jina la Tito Ruhinda, fundi wa visomeo katika kiwanda cha Pwani Nyeupe. Nilikuwa nakisikia. Wafanyakazi elfu moja na zaidi, nusu ya maduka ya nchi yananunua kutoka kwao.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa tulilingana.

"Marahaba. Karibu. Kama ni vifungo tunavyo vya kutosha."

Akacheka. Akafungua mfuko na kupanga mashati yetu sita juu ya meza ya kukatia. Aliyanunua mjini. Akatoa kisomeo kidogo, cha aina ambayo sikuwahi kuiona, chenye namba badala ya rangi.

"Tazama," alisema. "Sabini na nane. Sabini na nane. Sabini na nane." Akaendelea mpaka la sita. "Mama, nimesoma mashati ya karakana mia tatu na ushee. Watu wazima wanaofanya kazi hawafanani hivi. Kuna anayegombana na mume, kuna mwenye jino. Namba zinaruka. Zenu hazirukiruki. Mmegawana, tena kwa ratiba."

Nilitazama ukutani. Ratiba ya chaki ilikuwa palepale, imenyooka. Tungekuwa wavivu kidogo, tungepeana mishono ovyoovyo kama watu wengine, asingetuona. Tulikamatwa kwa kugawana sawasawa.

"Umekuja kutushtaki?" nikauliza.

"Mimi? Hapana!" Alionekana kuumia kweli. "Nimekuja kujifunza."

Nilimvutia kiti. Nyuma yangu cherehani moja ilisimama, halafu ya pili.

"Sisi wazo tunalo," alisema. "Lakini hatujui kiasi. Tumejaribu, kisomeo kikatoa njano. Nyinyi mmeshona mamia na hakuna hata moja lililoyumba. Nipe ratiba, nipe vipimo vya kila mshono, urefu na uzi unaotumika. Kwenu mchovu ni mmoja kati ya kumi na moja. Mimi nataka kujua nikigeuza."

"Ukigeuza nini?"

"Nikiwa na waliolala kumi kwa wasiolala mia." Aliongea kama anazungumzia maji na unga. "Hao kumi tunawalaza vizuri, tunawalisha vizuri, kazi yao ni kupiga mshono wa pili juu ya ule wa kwanza. Kwa hesabu yangu ya haraka, watu kumi wanatosha kusafisha mashati ya watu mia."

Kusafisha. Hilo ndilo neno alilotumia.

"Na wale mia?" nikauliza.

"Wale wana oda za kumaliza, mama. Unajua mambo ya msimu." Aligeuka akaitazama mashine yetu ya mvuke, iliyokuwa inavuja kwenye kiungo na kufungwa raba ya baiskeli. "Tungewaletea mashine mpya ya mvuke. Wiki hii hii."

"Na nikikataa?"

Hakukasirika. Alikunja mashati moja moja, mikono ndani, kama mtu aliyefundishwa na mama yake.

"Nitajaribu mwenyewe. Itanichukua wiki tatu badala ya siku tatu. Wewe umeshanionyesha kwamba inawezekana, na hilo ndilo lilikuwa gumu." Alisimama. "Nalala hapa mjini leo. Nitapita kesho asubuhi."

*

Mchana hakuna aliyekula. Wenzangu walikaa kwenye mabenchi, sufuria ya dagaa katikati, ugali unapoa. Ng'washi ndiye aliyeanza.

"Mnyime. Mwambie aende zake. Sisi tunaendelea."

"Kashasema atajaribu mwenyewe," nikasema.

"Ajaribu. Dhambi itakuwa yake."

"Sikilizeni." Nilikuwa nimesimama, nilikuwa siwezi kukaa. Toka ameondoka nilikuwa nimepanga upya rafu nzima ya uzi na kuipangua. "Kuna namna moja tu ya kumzuia. Mamlaka ya Nyuzi, wanaotoa muhuri, wakiambiwa kisomeo kisichanganye. Kisome kila mshono peke yake, na rangi ya shati iwe rangi ya mshono mbaya kuliko yote. Ni kubadilisha mpangilio, siyo kifaa. Wanaweza kufanya kwa siku moja."

"Basi waambie," Ng'washi akasema. "Piga simu."

"Wataniuliza nimejuaje kwamba mchanganyiko unadanganyika. Watataka kuona shati lililodanganya."

Ndipo walipoelewa. Niliona ikipita usoni kwa mmoja baada ya mwingine.

"Utatuchoma," Ng'washi alisema polepole. "Mashati mia nne kwa mkupuo. Miezi sita! Mama Sayi, wewe una diploma, utapata pa kwenda. Mimi nina watoto watatu na hii cherehani. Kwa ajili ya watu wa kiwanda ambao hata hatuwajui majina?"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa ajili ya hao."

"Hatukumdhulumu mtu."

"Hatukumdhulumu."

"Tulimsaidia mwenzetu!"

"Tulimsaidia. Na tulichokifanya ni kilekile anachotaka kufanya yule. Shati haliwezi kututofautisha. Nazunguka hapa natafuta tofauti toka saa nne, na ninayo moja tu, kwamba sisi tunajuana. Hiyo huwezi kuishona."

"Ungeyasema haya siku ile," Mama Gindu akasema. "Siyo leo."

Alikuwa sahihi. Aliyejua kisomeo nilikuwa mimi. Wao walijua kupalilia tu.

Nkwimba aliinuka, akaosha mikono, akaenda kwenye cherehani yake. Alichukua vipande vya shati moja, mgongo, vifua viwili, mikono, kola, akaanza kushona. Tulimtazama. Alishona bega la kushoto na la kulia. Alishona kifuko. Hakumpa mtu mshono wowote. Ilimchukua dakika kama arobaini, na ndani ya dakika zile hakuna aliyetoka nje wala aliyegusa chakula. Alipomaliza hakulipiga mvuke. Alilileta akaliweka mbele yangu.

"Piga simu," alisema. "Waanze na hili, wajue jekundu langu linafananaje. Halafu watalitambua kwenye hayo mengine."

"Nkwimba, ukilala siku chache zaidi..."

"Nimeanza kulala, kidogo. Lakini bado litawaka, na mimi sitaki mtu alifiche tena." Aliwageukia wenzake. "Mlinibeba. Sitasahau. Ila kila shati lililokuwa linatoka hapa lilikuwa linasema Nkwimba amepumzika. Mia nne! Mdogo wangu amekufa, na mashati mia nne yatazunguka wilaya nzima yakisema mimi sina neno. Mmeshawahi kufikiria hilo?"

Mama Gindu alijifunika uso kwa kanga. Ng'washi alitazama ugali.

"Mimi sikufikiria," nikasema, na nikachukua simu.

*

Mamlaka walinipa mtu kwenye skrini ndani ya robo saa, dada mmoja anaitwa Perpetua Chilewa, miwani, kikombe cha chai mkononi. Nilimweleza bila kuzunguka: tulifanya hiki, kwa sababu hii, toka tarehe hii. Nikamtajia Pwani Nyeupe na hesabu yao ya kumi kwa mia. Chai yake ilibaki hewani.

"Una shati hapo?"

"Ninayo mia tatu. Na moja la kuanzia."

Aliunganisha kisomeo chetu na mashine yake, akabadilisha mpangilio, akaniambia niweke la Nkwimba. Liliwaka jekundu lote, kola mpaka pindo.

"Aliyenishona hajapumzika," likasema. "Amekula kidogo. Hali yake hairidhishi."

"Ni kweli," Nkwimba akasema, kana kwamba limemsalimia.

Kisha tukaanza yale mengine. Sasa kisomeo kilionyesha kila mshono peke yake kwenye skrini. Mishono kumi ya kijani, mmoja mwekundu. Shati la kwanza wekundu ulikuwa begani. La pili kifukoni. La tatu chini ya kwapa. Tuliendelea, Mama Gindu ananipa, mimi naweka, Ng'washi anakunja, na ule mstari mwekundu ulikuwa unahama shati hadi shati kufuata ratiba yangu ya chaki. Tulikuwa tumechukua majonzi ya mtu mmoja tukayagawa kwa haki kabisa, kila mtoto wa shule apate sentimita kadhaa.

Tulipofika shati la thelathini Perpetua alisema inatosha. Alikuwa anaandika.

"Nisikilize, mama. Kwa utaratibu, muhuri wenu unaondolewa kuanzia sasa. Miezi sita. Fomu inanitaka sababu, na sababu ziko tatu: njaa, kulazimishwa, kunyimwa usingizi. Niweke ipi?"

"Hakuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi weka ya tatu, na uandike kwamba aliyemnyima usingizi ni Mungu."

Alinitazama juu ya miwani. Nadhani alitaka kucheka. "Nitaiacha wazi," alisema. "Mfumo utalalamika, na mimi nitaulalamikia." Aliangalia skrini nyingine pembeni yake. "Nimeingiza mpangilio mpya nchi nzima wakati tunaongea. Kumbukumbu za mashati yote yenye muhuri zinasomwa upya, mshono kwa mshono. Subiri."

Tulisubiri. Mashine ya mvuke ilikuwa inatoa sauti kwenye ile raba. Perpetua aliweka kikombe chini, akavua miwani, akaivaa tena.

"Karakana na viwanda mia tatu na kumi na mbili," alisema. "Vilivyogeuka vyekundu toka niingize ni arobaini na kimoja."

"Pwani Nyeupe kimo?"

"Kimo. Na siyo cha majaribio tu. Mashati yake yana mishono miwili miwili toka mwaka jana. Yule bwana alikuwa anataka kuboresha, hakuwa anaanza."

Nilikaa. Ilikuwa mara ya kwanza toka saa nne.

"Na hao arobaini wengine?" nikauliza. "Wangapi ni kama yeye, na wangapi ni kama sisi?"

"Uzi hausemi," Perpetua alijibu. "Wote wanafanana."

"Basi tumeni watu wakaulize."

"Watu gani? Mamlaka haina wakaguzi, mama. Tuliwaondoa wote. Ndiyo maana shati ni bei ya sahani ya wali." Alisema hivyo bila kiburi, kama mtu anayesoma namba asiyoipenda. "Nitafunga mihuri arobaini na moja jioni hii. Wabaya na wema kwa pamoja. Sina namna nyingine."

Nilitazama karakana. Cherehani kumi na moja zimezimwa. Mashati mia tatu mezani ambayo yangekaa pale miezi sita, na mia moja mengine migongoni mwa watoto, pamoja na la Sayi, ambalo kesho asubuhi lingebadilisha maneno. Nilijua ataligusisha, na nilijua atanitazama.

"Dada Perpetua," nikasema. "Muda wa kufunga unaweza kuusogeza?"

"Kwa siku saba. Kama kuna uchunguzi unaoendelea."

"Andika kwamba upo. Nina wanawake kumi na mmoja wasio na kazi kuanzia leo. Kila mmoja ana miaka isiyopungua sita kwenye cherehani. Mtu akiingia chumba cha kushonea anajua ndani ya dakika tano nani kafungiwa na nani kafiwa. Huhitaji chachu."

"Siwezi kuwalipa."

"Nimekusikia. Tupe barua ya kutufungulia milango. Na nauli."

Perpetua akavuta kibodi karibu. "Nani anasimamia?"

"Asiwe mimi," nikasema. "Mimi nimeshasema sawa mara moja pasipostahili."

Ng'washi alikuwa bado amekasirika, hilo sikatai. Alikuwa ananuna huku anavua sindano kwenye cherehani yake, anaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfukoni. Lakini alikuwa anajiandaa.

"Tunaanzia wapi?" Mama Gindu akauliza.

"Pwani Nyeupe," sauti ilisema kutoka mlangoni. "Wale mia ndio hawana pa kusubiri."

Tuligeuka. Nkwimba alikuwa ameshavaa viatu.